Pwani ya Lindi Isisomewe Mvua kwa Kalenda ya Dar es Salaam

Kila mwaka Oktoba inapoingia na jua likaanza kuchoma, mazungumzo ya hali ya hewa nchini hugeuka kuwa mazungumzo ya vuli, yaani mvua fupi za Oktoba hadi Desemba ambazo hunyesha katika pwani ya kaskazini, visiwa vya Unguja na Pemba, nyanda za juu za kaskazini mashariki na ukanda wa Ziwa Victoria. Vuli ikichelewa, redio na magazeti hutangaza ukame, na mkazi wa Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje, Mchinga au Lindi mjini, akiyaona majani yaliyonyauka na mawingu yanayopita bila kudondosha tone, huamini kwamba balaa hilo limemfikia na yeye. Imani hiyo ina kosa, na kosa lenyewe lina gharama, kwa sababu linamfanya mkulima aihofie miezi ambayo kukauka kwake ni kwa kawaida na kwa manufaa, kisha linamkuta hana tahadhari katika miezi ambayo jua la wiki tatu linaweza kumharibia mwaka mzima.

Joto la Oktoba katika pwani hii lina sababu ya kijiografia iliyo wazi. Kilwa iko karibu na nyuzi 9 kusini mwa ikweta na Lindi karibu na nyuzi 10, kwa hiyo jua, katika safari yake ya kila mwaka kuelekea Tropiki ya Kaprikoni, hupita juu ya miji hiyo kati ya tarehe 16 na 20 Oktoba au karibu na hapo, na hurudi kupita tena katika siku za mwisho za Februari. Hali hiyo ndiyo iitwayo jua la utosi. Wakati huohuo upepo wa kusi, uliovuma tangu Aprili na kuleta ubaridi wa kipupwe, huwa umelegea katika kipindi cha demani, na kaskazi, upepo wa kiangazi utokao kaskazini mashariki, huwa bado haujashika. Kati ya pepo hizo mbili huja maleleji, siku ambazo bahari hulala na hewa husimama. Mvua nayo hailifuati jua papo hapo, kwa kuwa ukanda mvua, yaani mkanda wa mawingu unaojengeka pale pepo za kaskazini na za kusi zinapokutana, huburuzwa nyuma ya jua kwa wiki kadhaa hadi nchi kavu na bahari vipate joto la kutosha. Siku kavu na za moto za demani, kwa maneno mengine, ni pengo la kila mwaka kati ya jua linalotangulia na mvua inayofuata.

Pengo hilo ni refu zaidi Lindi kuliko Dar es Salaam au Tanga, na hapo ndipo kalenda ya wengine inapoanza kupotosha. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hugawa nchi katika maeneo yanayopata misimu miwili ya mvua, vuli na masika, na yale yanayopata msimu mmoja unaoanza Novemba na kuishia Aprili au baadaye kidogo; mikoa ya Lindi na Mtwara imo katika kundi la pili. Hata hivyo msimu huo mmoja hauendi mfululizo, kwani mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari mvua kwa kawaida hukatika kwa muda mfupi kabla ya kurudi kwa nguvu Machi na Aprili. Wilaya ya Kilwa, hasa upande wake wa kaskazini unaopakana na Rufiji, iko mpakani mwa taratibu hizo mbili, hivyo kuna miaka ambayo vuli ya kaskazini huteremka hadi Somanga na kumpa mkulima mvua ya mapema, na kuna miaka ambayo haivuki Mto Rufiji. Mvua ya Oktoba katika wilaya hiyo ni bahati njema inapokuja, lakini kutokuja kwake si dalili ya ukame.

Wazee wa mwambao walilijua jambo hili kwa hesabu yao wenyewe. Mwaka wao wa jua, unaoanza kwa sikukuu ya Nairuzi, uligawanywa katika miongo, yaani makundi ya siku kumi kumi, na kwa kuhesabu miongo hiyo nahodha alijua lini bahari hufunguka na mkulima alijua lini afyeke na lini apande. Hesabu hiyo haikumwambia mtu kwamba mvua itanyesha siku fulani. Ilimwambia kipindi ambacho ni haki kuitarajia, na kipindi ambacho kuitarajia ni kujisumbua.

Katika pwani ya Lindi, kuitarajia mvua mapema mno ni zaidi ya kujisumbua, kwa kuwa wapo wengi ambao riziki yao inategemea isinyeshe. Wa kwanza ni mkulima wa korosho. Mkorosho hutoa maua katika miezi ya kipupwe, wakati ambapo unyevu wa usiku hustawisha ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaofunika maua kwa vumbi jeupe na ambao wakulima hupambana nao kwa kupuliza salfa. Kisha, kuanzia Septemba na Oktoba, mabibo huiva na kudondoka, na korosho hukusanywa chini ya mti, huanikwa na kupelekwa ghala la chama cha msingi ili ziuzwe kwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mazao huhifadhiwa ghalani na mkulima hupewa hati ya umiliki hadi mnunuzi apatikane. Korosho iliyonyeshewa ikiwa chini ya mti huchafuka ganda na kubeba unyevu, huoza ikirundikwa, na hushushwa daraja inapopimwa. Mkulima huyo, akisikia redioni kwamba nchi nzima inaomba mvua mwezi Oktoba, ana haki ya kusema kwamba yeye bado anaomba jua.

Wa pili ni mzalishaji wa chumvi. Mashamba ya chumvi ya Kilwa na Lindi, ambayo ni madimbwi mapana yaliyochimbwa nyuma ya mikoko na kujazwa maji ya bahari, hutegemea jua na upepo kukausha maji hayo hadi fuwele zibaki, na mvua moja kubwa inaweza kuyeyusha kazi ya wiki nyingi. Wapo pia waanika samaki na dagaa, wachoma chokaa, wajenzi wa nyumba za udongo na madereva wa malori wanaopita barabara za vumbi za ndani ya mkoa kabla hazijageuka tope. Kwa watu hawa wote demani ndiyo miezi ya mavuno, na uchumi wa mkoa kwa sehemu kubwa huzunguka kwa fedha inayopatikana kabla mvua haijaanza.

Ukweli huo haufuti madhara ya ukavu wenyewe, ambayo ni makubwa na huwaangukia zaidi wale wasio na korosho wala chumvi ya kuuza. Visima vya kuchimbwa kwa mkono hushuka, na vile vilivyo karibu na bahari huanza kutoa maji yenye chumvi, kwa sababu maji baridi yaliyo chini ya ardhi ya pwani na ya visiwa huelea juu ya maji ya bahari kama tabaka jembamba, na yakichotwa kwa wingi bila mvua ya kuyarudisha, maji ya chini hupanda. Wanawake na watoto hulazimika kutembea mbali zaidi, na bei ya dumu la maji hupanda. Lindi mjini, ambako uhaba wa maji ulikuwa kilio cha miongo mingi hadi vyanzo vya Ng'apa vilipoendelezwa, kila mwezi mkavu ni mtihani wa mitambo na wa usimamizi.

Ndani ya wilaya ya Kilwa, moto huongezeka. Misitu ya miombo ya Kilwa, yenye mpingo unaotengenezewa zumari na filimbi za Ulaya na vinyago vya Wamakonde, husimamiwa kwa sehemu na vijiji vyenyewe, na mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora kinachojulikana kwa kifupi kama FSC, ikiwa ya kwanza barani Afrika kupata cheti hicho kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Moto unaowashwa mapema, Mei au Juni, nyasi zikiwa na unyevu bado, huteketeza kidogo na hulinda miti. Moto wa Septemba na Oktoba, unaotokana na usafishaji wa mashamba, uwindaji au uzembe, huua miche na kuacha majeraha kwenye miti mikubwa. Mifugo nayo, iliyoongezeka Kilwa na Liwale baada ya wafugaji kuondolewa katika bonde la Usangu mnamo 2006 na 2007, huteremka mabondeni mwa Matandu, Mavuji na Mbwemkuru kutafuta maji, na hapo hukutana na bustani za mboga na mpunga, na migogoro huanza.

Mstari unaotenganisha ukavu wa manufaa na ukavu wa hasara, basi, hupita kati ya nusu ya pili ya Novemba na mwisho wa Desemba, wakati ambapo mkulima huingoja mvua ya kupandia. Wataalamu wa hali ya hewa ya kilimo huhesabu kwamba msimu umeanza pale mvua ya milimita 20 hivi inapopatikana katika siku chache na isifuatwe na ukavu wa zaidi ya siku kumi katika wiki zinazofuata. Sharti hilo la pili ndilo lenye uzito. Mvua ya kwanza ya Novemba, ambayo mara nyingi huja kwa ngurumo na kuamsha harufu ya udongo kijiji kizima, humvuta mkulima kumwaga mbegu yake yote. Kisha jua hurudi kwa wiki mbili au tatu, mahindi yaliyoota hukauka, na mwenye kipato kidogo hana fedha ya kununua mbegu ya pili. Methali husema dalili ya mvua ni mawingu, lakini katika pwani hii mvua moja haitoshi kuwa dalili ya msimu.

Kwa sababu hiyo utabiri wa msimu, kama unavyopokewa sasa na wananchi, haumtoshelezi mkulima wa Lindi. TMA hutoa mwelekeo wa mvua kwa makundi matatu: mvua chini ya wastani ni ile isiyofikia asilimia 75 ya wastani wa muda mrefu, mvua ya wastani ni kati ya asilimia 75 na 125, na juu ya wastani ni ile inayozidi hapo. Makundi hayo yanafaa kwa wasimamizi wa mabwawa, lakini msimu unaweza kufikisha jumla ya wastani huku nusu ya mvua yake ikinyesha katika wiki mbili za Aprili, na mkulima aliyepoteza mahindi yake Januari hawezi kuokolewa na jumla ya mwaka. TMA hutaja pia tarehe zinazotarajiwa za kuanza na kukoma kwa mvua, na uwezekano wa vipindi vya ukavu. Habari hizo, ambazo ndizo zenye thamani kubwa zaidi shambani, ndizo zinazopotea njiani kati ya mkutano wa waandishi wa habari na mbao za matangazo za vijiji.

Nafasi ya Lindi katika ramani ya dunia huongeza ugumu huo. Mvua za Afrika Mashariki huongozwa kwa kiasi kikubwa na El Niño, yaani kupata joto kusiko kwa kawaida kwa maji ya Bahari ya Pasifiki ya ikweta, na La Niña, ambayo ni kupoa kwa maji hayohayo, pamoja na tofauti ya joto kati ya upande wa magharibi na wa mashariki wa Bahari ya Hindi, ambayo wanasayansi waliipa jina la Dipoli ya Bahari ya Hindi mwaka 1999. Maji ya upande wa Afrika yakiwa na joto zaidi, mvua za mwisho wa mwaka huongezeka, na yakipoa hupungua. Lakini El Niño inayoijaza Kenya na kaskazini ya Tanzania maji huikausha Afrika ya kusini, na mkoa wa Lindi uko karibu na mahali ambapo athari hizo mbili hubadilishana. Katika msimu wa 2023 na 2024 Dar es Salaam na Nairobi zilifurika, ilhali Zambia, Malawi na Zimbabwe zilitangaza janga la taifa kwa sababu ya ukame. Lindi ilikuwa katikati ya pande hizo mbili, na mwanzoni mwa Mei 2024, wakati ambapo msimu huwa unakwisha, ilipata kimbunga Hidaya, ambacho mafuriko yake yalikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga.

Mfano huo haujasimama peke yake. La Niña iliyodumu kwa miaka mitatu, 2020 hadi mwanzo wa 2023, ilidhoofisha vuli ya kaskazini hadi Mto Ruvu ukapungua na Dar es Salaam ikaingia katika mgawo wa maji Oktoba 2022. Kinyume chake, Dipoli ya 2019, iliyokuwa miongoni mwa zile zenye nguvu zaidi zilizopata kupimwa, ilifuatwa Januari 2020 na mafuriko yaliyoua watu na kusomba mashamba katika vijiji vya mabondeni vya Kilwa. Mvua iliyotamaniwa Novemba ilikuwa imegeuka adui miezi miwili baadaye, na mji ule ule unaolilia maji katika demani unaweza kuyaona yakipita mbele yake kwenda baharini bila chombo cha kuyapokea.

Historia ya mkoa huu imeshatoa hukumu juu ya mipango inayodharau mvua. Kati ya 1947 na 1951 serikali ya Uingereza ilijaribu kulima karanga kwa matrekta katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli mpya kutoka pwani na bandari ya kina kirefu Mtwara. Mpango huo, uliobuniwa bila kumbukumbu za kutosha za mvua na za udongo, ulifutwa Januari 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36, na reli yenyewe iling'olewa muongo uliofuata. Fedha na mashine havikukosekana. Kilichokosekana ni subira ya kuijua nchi kabla ya kuilima.

Upande wa pili wa historia hiyohiyo unatoa funzo bora. Ibn Battuta, msafiri wa Kimoroko aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliusifu mji huo kwa uzuri wake na akataja wingi wa mvua zake. Kwa kuwa vyombo vya kutoka Arabuni viliteremka na kaskazi, aliiona Kilwa katika miezi yake ya neema. Wenyeji, ambao walikaa hapo mwaka mzima, walijenga kwa kuifikiria miezi mingine pia, na visima na mabirika ya mawe yaliyobaki katika magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, yanaonyesha kwamba mji uliofanya biashara ya dhahabu ya Sofala uliona kuhifadhi maji kuwa sehemu ya ujenzi wenyewe.

Hesabu ya leo ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Mwambao wa Kilwa na Lindi hupata takriban milimita 900 hadi 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo paa la darasa lenye mita za mraba 100 hupokea lita 90,000 au zaidi kila msimu, na hata zikipotea asilimia 20 kwa mvuke na kumwagika, zinabaki lita 72,000. Mvua moja ya milimita 30 hujaza tangi la lita 2,000 kutoka paa hilo na kuacha ziada. Shule na zahanati za mkoa zina mapaa ya bati tayari, lakini nyingi hazina mifereji ya kuyapeleka maji katika tangi.

Ipo hoja kwamba joto la sasa si lile la zamani, na hoja hiyo ni ya kweli. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilithibitisha kwamba 2024 ulikuwa mwaka wa joto zaidi tangu vipimo vianze, na hewa yenye joto hukausha udongo haraka zaidi na kubeba mvuke mwingi zaidi, hivyo kuongeza uwezekano wa ukavu mrefu na wa mvua kubwa za ghafla. Lakini mabadiliko ya tabianchi yasigeuzwe kisingizio cha kila kisima kilichokauka, kwa kuwa pale ambapo wastani wa mvua ni wa kutosha na hifadhi haipo, sehemu kubwa ya tatizo iko mikononi mwa watu.

Ipo pia dua, na dua ina heshima yake. Kabla ya vita vya Majimaji vya 1905, vilivyoanzia katika vilima vya Matumbi wilayani Kilwa, watu wa Rufiji na jirani zao walikwenda kwa Bokero, mzimu wa mtoni, kuomba mvua na rutuba. Waislamu wa pwani husali sala ya istiskaa, rakaa mbili zinazosaliwa uwanjani wakati wa ukame, zikifuatana na toba na sadaka. Toba ni kurekebisha kilichoharibika na sadaka ni kutoa kilichopo, na kwa maana hiyo anayeomba mvua ana wajibu wa kuandaa mahali pa kuipokea.

Wajibu huo unaanzia kwa halmashauri za Kilwa, Mtama na Manispaa ya Lindi, ambazo hukusanya ushuru wa mazao katika miezi hiyohiyo ya demani. Sehemu ya ushuru wa korosho wa kila msimu itengwe kwa mifereji na matangi ya shule na zahanati, na kazi hiyo ikamilike kabla ya Novemba kwisha. Maofisa ugani na redio za jamii watangaze tarehe ya kuanza kwa mvua na vipindi vya ukavu vya wilaya husika, badala ya kurudia habari za vuli ya Dar es Salaam. Vyama vya msingi vihimizwe kuwalipa wakulima mapema ili fedha ya korosho iwahi kununua mbegu. Na mkulima asimwage mbegu yote kwa mvua ya kwanza, bali aanze na mihogo na sehemu ya mahindi, huku ufuta ukingoja wakati wake baada ya mwaka mpya. Kituo cha utafiti cha Naliendele, kilichozalisha aina za ufuta kama Lindi 2002, kiko mkoa jirani wa Mtwara, na ujuzi wake haupaswi kuishia kwenye mashamba ya majaribio. Mvua ya Lindi kwa kawaida huja. Kinachotakiwa ni viongozi na wananchi kuacha kuiuliza Oktoba kwa nini haijafika, na kujiuliza wenyewe kama wako tayari itakapofika Desemba.